Kuandika Wasifu wa Baba Aliyekuwa Nahodha

Usiku wa pili baada ya baba kufariki, ndugu wanne tulikaa mezani tukaandika wasifu wake kwa muda usiofika saa moja. Tuliujaza maneno mazuri: mcha Mungu, mchapakazi, mtu wa watu, nahodha shupavu asiyejua woga, baba mwenye upendo kwa wote. Asubuhi yake alifika fundi mkuu wa mitambo aliyefanya kazi naye katika chombo kimoja kwa miaka 11, tukampa karatasi ile aipitie. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia, kisha akasema kwa upole kwamba mtu aliyeandikwa humo ni mwema sana, ila yeye hakuwahi kusafiri naye.

Tuliiweka kando, tukaanza upya. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza katika siku tatu zilizofuata, kwa ajili ya yeyote atakayepewa kazi kama ile huku macho yake bado yamevimba kwa kulia.

La kwanza ni dogo, lakini lilituokoa: chagueni mwandishi mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na wasifu ulioandikwa na ndugu wanne hugeuka kuwa mkataba wa amani, ambamo kila mmoja amekubali sentensi ya mwenzake ili ya kwake nayo ikubaliwe. Mimi nilipewa kalamu, wengine wakabaki na haki ya kunisahihisha.

Kabla hujaandika hata sentensi moja, kusanya karatasi zake. Baharia huacha ushahidi wa maandishi kuliko watu wa kazi nyingine nyingi. Kitabu chake cha utumishi huonyesha jina la kila chombo alichopanda, cheo alichopandia, siku aliyoanza kazi na siku aliyoshuka. Vyeti vyake navyo, chini ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia wa mwaka 1978, unaojulikana kwa herufi STCW, huhuishwa kila baada ya muda usiozidi miaka 5, kwa hiyo ile bahasha ya vyeti vilivyokwisha muda, ambayo watu huitupa wanaposafisha kabati la marehemu, ni mfululizo wa tarehe usiobishaniwa. Sisi tulikuwa tumeandika kwamba baba alikuwa nahodha kwa miaka 30. Vitabu vilionyesha miaka 17. Miaka iliyotangulia alikuwa baharia wa kawaida, kisha mshika usukani, kisha msaidizi wa nahodha, na muda mrefu kuliko wote aliutumia katika cheo hicho cha usaidizi, akisubiri. Kaka yangu alitaka ile 30 ibaki kwa sababu ilisikika vizuri. Nilikataa, kwa kuwa mtu aliyesubiri miaka mingi bila kununa anastahili kusubiri kwake kutajwe.

Kitabu rasmi cha safari ni mali ya chombo, kwa hiyo usikitafute nyumbani. Manahodha wengi, hata hivyo, huwa na madaftari yao binafsi, na ya baba tuliyakuta tisa, yamefungwa kwa kamba, kwa fundo ambalo hakuna aliyeweza kulifungua ila mama. Ukibahatika kupata madaftari ya namna hiyo, jifunze kwanza lugha yake, kwa sababu ni lugha ya watu wasiopoteza wino. Upepo, kwa mfano, huandikwa kwa tarakimu moja au mbili tu, kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Kipimo hicho huanzia 0, bahari ikiwa kama kioo, na kuishia 12, ambayo ni tufani. Upepo wa 8 ni wa noti 34 hadi 40, na noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, kwa saa. Nisingelijua hilo ningeupita mstari huu kama mtu anayesoma orodha ya mizigo: "Saa 8.40 usiku. Upepo 8. Tumepunguza mwendo, omo kwenye mawimbi. Pampu inafanya kazi. Wote salama."

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Hayo ndiyo yote aliyoyaandika kuhusu usiku huo katika daftari. Lakini Biblia yake, ile iliyosafiri naye ndani ya mfuko wa nailoni na ambayo kurasa zake zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa chumvi hata haikufungika tena, ilikuwa na neno moja zaidi. Kando ya Zaburi ya 107, mahali panapowazungumzia washukao baharini katika merikebu, wanaopandishwa mpaka mbinguni na kushushwa mpaka vilindini na kupepesuka kama walevi, ilikuwapo tarehe ile ile, na chini yake, kwa penseli iliyokandamizwa hata ikaacha alama ya mfuo nyuma ya ukurasa: "Niliogopa."

Nilikaa na ukurasa huo kwa muda mrefu. Sisi watoto wake tulikuwa tumeandika kwamba hakujua woga, na hatukumwuliza.

Kwa hiyo, ukitaka kujua imani ya marehemu ilikuwa ya namna gani, usikimbilie fungu ambalo kila mhubiri hulichagua. Kwa mtu wa bahari, kila mtu hutaja habari ya Yesu kuituliza dhoruba, katika sura ya 4 ya Injili ya Marko, na ni habari njema. Ila tazama ni kurasa zipi zimechafuka. Za baba zilikuwa sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambamo Paulo anasafirishwa kama mfungwa kwenda Rumi na merikebu inavunjikia Malta. Alama za vidole vyenye grisi zilijaa sura nzima. Alikuwa ameupigia mstari ule mstari wa 11, ambapo akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo aliyewaonya wasiendelee na safari. Alikuwa ameupigia mstari pia mahali mabaharia wanapopima kina usiku wakapata pima 20, wakasogea kidogo wakapata 15, wakatupa nanga nne upande wa shetri, yaani nyuma ya merikebu, wakaomba kupambazuke. Katika pambizo aliandika: "Walifanya vyema hapa." Ni sura ambayo nahodha ndiye aliyekosea, na roho 276 zilisalimika bila msaada wa uamuzi wake. Sijui mahubiri mangapi yangeweza kunieleza unyenyekevu wa baba kama ukweli kwamba sura aliyoipenda kuliko zote ndiyo hiyo.

Fundi mkuu ndiye aliyetueleza upande mwingine wa jambo hilo, nami nakusihi uwatafute watu wa namna yake kabla ya kuwatafuta viongozi. Alitueleza juu ya safari moja ambayo haikufanyika. Shehena ilikuwa imepakiwa, abiria wamekwisha kuketi, mwenye chombo yuko gatini na saa mkononi, na mbingu iko shwari kabisa. Baba alikuwa ameona kipimahewa kikishuka tangu alasiri, dalili ya dhoruba, akakataa kung'oa nanga. Abiria walimzomea. Mwenye chombo alimwambia maneno ambayo fundi hakutaka kuyarudia mbele ya mama. Usiku kucha walikaa pale, na dhoruba haikuja; iligeukia upande mwingine, asubuhi bahari ikaamka imelala kama mkeka, na baba akakatwa sehemu ya mshahara wa mwezi ule.

Dada yangu aliona kisa hicho kinamdhalilisha, kwa kuwa kilionyesha alikosea. Mimi niliona ndicho kiini cha wasifu wote, nikakipa nafasi kubwa kuliko tuzo aliyopewa alipostaafu. Nahodha aliyepita katikati ya dhoruba akafika husimuliwa na kila mtu. Nahodha aliyekataa kuondoka hana kisa cha kusimulia, kwa sababu kazi yake imezaa usiku mtupu na watu wenye hasira, na hakuna abiria hata mmoja anayejua alikingwa na nini au kama alikingwa kabisa. Baba, kwa maelezo ya fundi, hakujitetea. Alisema tu kwamba kipimahewa kikishuka vile tena, atafanya vile vile.

Na maombi yake? Tulikuwa tumeandika kwamba kila safari aliianza kwa sala, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini tuliliandika kama linavyoandikwa kwa kila Mkristo. Fundi aliongeza mpangilio wake. Baba alikagua kwanza: maboya ya kujiokoa, mapipa ya mafuta, pampu, taa za njiani, nyekundu kushoto na ya kijani kulia, na kila kifuniko cha ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo, alikigusa kwa mkono wake. Hapo ndipo alipovua kofia na kuomba, sala fupi isiyofika dakika moja. Baharia mmoja kijana aliwahi kumwuliza kwa nini asianze na Mungu, akajibiwa kwamba kuomba kabla ya kukagua ni kumtuma Mungu kazi ya nahodha. Tafuta mpangilio wa namna hiyo katika maisha ya mtu wako, yaani kilichotangulia na kilichofuata, kwa maana huko ndiko imani yake inakotofautiana na ya jirani.

Sehemu ngumu ilikuwa ya nyumbani. Neno "baba mwenye upendo" halikuwa uongo, lakini lilificha hesabu ambayo kila familia ya baharia inaijua. Mimi nilizaliwa akiwa safarini, na wadogo zangu wawili vilevile. Alipokuwa msaidizi wa nahodha alishika zamu ya saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi kwa miaka mingi, na mwili wake haukuisahau kamwe: hata akiwa likizo aliamka saa 10 kasoro, akazunguka nyumba akijaribu makomeo ya milango na madirisha, akasimama kidogo mbele ya kila kitanda, kisha akakaa gizani jikoni mpaka kulipopambazuka. Tulipokuwa wadogo tuliichukia desturi hiyo, maana alituamsha. Pia alikuwa na tabia ya kuiendesha nyumba kama chombo, akitoa amri fupi na kutarajia zirudiwe kwa sauti ili ajue zimesikika, na mama alilazimika kila alipoteremka kumkumbusha kwamba hapa hakuna mabaharia. Ilimchukua kama wiki moja kuwa baba, na likizo zake nyingine hazikufika wiki mbili.

Je, mambo hayo yasomwe kanisani? Ushauri wangu ni kwamba mwenye uamuzi ni mjane, wala si watoto. Tulimsomea mama rasimu nzima, pamoja na amri fupi na wiki ile ya kuzoeana. Alicheka mara mbili, akanyamaza mara moja. Kisha akaniomba niondoe sentensi moja tu, nami sitaiandika hapa, na akataka niongeze kwamba baba aliomba radhi kwa watoto kwa barua, kila mtoto na yake, mwaka aliostaafu. Barua hizo tulikuwa nazo sote wanne. Hakuna aliyekuwa amewaambia wenzake.

Kuhusu namna ya kusahihisha, tuliazima kanuni ya kitabu cha safari. Baharia akikosea kuandika hafuti wala hachani ukurasa. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili lililoandikwa liendelee kusomeka, akaandika lililo sahihi na kutia saini yake. Nakala iliyosomwa ilikuwa safi, lakini ile tuliyoihifadhi nyumbani bado ina maneno "asiyejua woga" yakiwa na mstari mmoja juu yake, pamoja na herufi zetu nne pembeni.

Piga picha kurasa za madaftari na za Biblia mapema, kwa sababu karatasi iliyokwisha kunywa hewa ya bahari haidumu. Na mwisho wa nakala ya nyumbani acha kurasa tupu. Watu waliomfahamu zaidi nahodha mara nyingi wako majini siku anayozikwa, na watafika kwa wakati wao.

Wa kwanza alifika wiki sita baadaye, mtu mzima sasa, naye ni nahodha. Alituambia kwamba akiwa na miaka 20 baba alimkuta amelala katika zamu, chombo kikiwa njiani na watu ndani. Alidhani atafukuzwa bandari itakayofuata. Baba aliliandika kosa hilo kitabuni jinsi lilivyokuwa, akamwonyesha alichoandika, na kwa usiku saba mfululizo akaja kusimama naye zamu ile ile mpaka mwisho, wakizungumza juu ya nyota na juu ya watoto, bila kulitaja kosa tena. Mama alimsikiliza hadi akamaliza, kisha akanyoosha mkono akaomba kalamu.