Maswali na majibu: Mwalimu akirudi kutoka semina

Shule yetu ina walimu watano, na mara kwa mara wawili huitwa semina mjini. Watoto wetu wanafaidika nini? (Mzazi, Kishapu)

Malalamiko yako ni ya haki. Semina ya siku tatu humpa mwalimu mbinu mpya, lakini asipopata mtu wa kumtazama akiijaribu mbele ya wanafunzi tisini, mbinu hiyo huishia daftarini. Ndiyo maana Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yanataka walimu wajifunze zaidi pale pale shuleni, wakiongozwa na mwenzao. Wakenya, katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma katika madarasa ya awali ya msingi ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2015, walikwenda mbali zaidi: maafisa wenye vishikwambi waliketi nyuma ya darasa, wakawasikiliza wanafunzi watatu wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu kabla ya kuondoka. Nauli yao ilitegemea madarasa waliyoyatembelea kweli, na kwa maoni yangu kanuni hiyo ya kihasibu ilisaidia kuliko hotuba nyingi.

Tunakutana kila wiki, ila kikao huishia kwenye matangazo na michango ya misiba. Tufanyeje? (Mwalimu, Liwale)

Chagueni tatizo moja tu, kwa mfano wanafunzi wa darasa la pili wanaotambua silabi "ba" na "ta" lakini wakashindwa kusoma "bata". Wekeni mezani madaftari kumi ya wanafunzi hao, myajadili hayo badala ya kumjadili mwalimu wao, kisha mmoja wenu afundishe kwa dakika kumi wengine wakitazama. Matangazo yabandikwe ubaoni.

Wazazi wa kijiji chetu ni maskini. Kamati ya shule ichangie nini katika mafunzo haya? (Mjumbe wa kamati, Kasulu)

Msianze na fedha, kwa kuwa utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza 2016 unakataza michango ya lazima. Tafuteni kwanza chumba cha kupanga karibu na shule, maana mwalimu anayetembea kilomita nane kurudi kwake hawezi kubaki kujifunza na wenzake baada ya vipindi. Kisha mwombeni mwalimu mkuu kwamba kila anayetoka semina apangiwe kuwaonyesha wenzake alichojifunza ndani ya wiki ile ile, kabla posho haijaisha.