Cheti cha jengo la kijani kinalindwa stoo

Nilipopewa kwa mara ya kwanza kusimamia cheti cha jengo la kijani, yaani jengo linalookoa nishati, maji na vifaa, nilijua kazi yangu ni ya mezani. Lilikuwa jengo la ghorofa tatu, vyumba 18 vya wageni, upande wa Ilemela, Mwanza. Nikajaza taarifa, ramani zikapita, cheti cha awali kikatoka, tajiri akatununulia sato. Miezi kadhaa baadaye nusura cheti kituponyoke kwa sababu ya shawa.

Tulitumia EDGE, mfumo wa vyeti wa IFC, Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia. Kwa majengo ya kawaida ya huku naupenda kuliko LEED ya Marekani, ambayo ni ya kukusanya pointi (chini ya 40 hupati kitu) na makaratasi yake yanataka mtu asiye na kazi nyingine. EDGE inadai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya hewa ya ukaa inayotokana na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, ukililinganisha na jengo la kawaida la aina hiyo mahali hapo. Lazima zote tatu. Ukipata 45 kwenye nishati halafu 18 kwenye maji, umekwama. Ukaguzi ni mara mbili, kwanza michoro, kisha jengo likishakamilika, na aliyekushauri haruhusiwi kuwa mkaguzi wako.

Programu yake ni ya bure mtandaoni. Ichezee mapema, kabla msanifu hajaipenda ramani yake, maana akishaipenda hata dirisha moja ni ugomvi. Mwanza tuko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Kwenye kiwanja chetu ziwa lilikuwa magharibi, na tajiri alitaka kioo kutoka sakafu hadi dari. Kila tulipopunguza kioo kwenye programu, nishati iliyookolewa ilipanda vizuri. Kila tulipomwonyesha, alinuna. Mwishowe msanifu akamwambia, "Mzee, ziwa watu wanalitazama wakiwa wamekaa barazani na soda, si wakiwa wamelala." Tukapata baraza pana lenye kivuli, na madirisha ya pande mbili ili upepo wa mchana kutoka ziwani uingie na kutoka.

Na kabla ya hayo yote, chukua futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Waliolisahau hilo, ziwa lenyewe liliwakumbusha 2020 lilipojaa.

Kwenye vifaa, tatizo letu ni tofali za kuchoma. Mafundi wanazipenda, lakini kila tanuru linakula kuni. Tulihamia tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine. Mawe ya msingi Mwanza hayana shida, ukichimba tu unayo.

Sasa shawa. Kwenye michoro tuliandika za lita 8 kwa dakika. Mkataba ukasema shawa za aina hiyo "au zinazolingana nazo", na maneno hayo matatu yakatumaliza. Siku moja nimepita chumba cha ghorofa ya pili, nikafungua maji kunawa vumbi, yakanipiga kama mvua ya masika. Nikaomba ndoo ya lita 10, nikawasha saa ya simu. Ilitakiwa ijae kwa sekunde 75. Ilijaa kwa 40. Yaani lita 15 kwa dakika, karibu mara mbili, na vyumba 11 vilikuwa vimeshafungwa shawa hizo. Fundi bomba hakuwa mwizi. Alikwenda dukani, akaambiwa hizo zimeisha ila hizi zinafanana, akachukua. Kwa macho zilifanana kweli.

Tulizitoa zote. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilionyesha "shawa pc 18" tu, bila namba ya modeli, na duka likagoma kuzirudisha. Tajiri alilipa mara mbili, na wiki ile hakuna aliyetaka kukaa naye meza moja.

Tangu hapo, "au zinazolingana nazo" siiachi bila nyongeza: kwa idhini ya maandishi, baada ya kupimwa kwa ndoo. Sampuli ya kila kifaa kinachohesabiwa kwenye cheti, yaani shawa, koki, taa, kipande cha bati, inaning'inia kwa waya ukutani stoo. Mzigo usiofanana na sampuli, au wenye risiti isiyotaja modeli, haushuki kwenye gari. Mtunza stoo ana mamlaka hayo hata foremani akifoka.

Picha nazo ni za siku hiyohiyo. Blanketi la kuzuia joto chini ya bati lipigwe picha kabla dari haijafungwa, mabomba ya maji ya moto kabla ya lipu, kila chumba kwenye folda yake na tarehe ionekane. Vyumba viwili tulivisahau. Ikabidi tukate jipsamu mpya, ikiwa imeshapakwa rangi, ili tu kupiga picha ya kitu ambacho wote tulijua kipo.

Mkaguzi alipokuja mara ya pili nilikuwa nimejiandaa na kompyuta na hotuba. Akanisalimia, akauliza stoo iko wapi. Mama wa stoo alimkaribisha kiti, akamsukumia daftari la wageni, na alipomwona ananyoosha mkono kwenye sampuli ukutani akamwambia, "Shikamoo baba, saini kwanza."