Barua kwa mwanangu: ndoo haitoi mimba

Mwanangu Hamisi,

Mimba ya mkeo Zuhura imetoka, na umeuliza msubiri muda gani kabla ya kutafuta mimba nyingine. Yai linaweza kupevuka wiki mbili tu baada ya mimba kutoka, kwa hiyo Zuhura anaweza kushika mimba hata kabla hajaona hedhi. Msikutane mpaka damu ikome, kwa kuepuka maambukizi. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, aanze sasa.

Lakini tuanze na Zuhura wa leo. Hesabuni pedi. Damu hupungua siku hadi siku, na kwa wengi hukoma ndani ya wiki mbili. Akilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa ya pili vilevile, msingoje kupambazuke. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu, tumbo linalozidi kuuma: hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi ni mabaki ya mimba kwenye kizazi. Huondolewa kwa vidonge, au kwa kusafishwa, na wakisafisha ulizeni kundi lake la damu. Likiwa hasi huenda akahitaji sindano ya anti-D, ya kulinda mimba zijazo, nayo hutakiwa ndani ya saa 72. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mimba kwa wiki kadhaa bado, asije akajipa matumaini.

Unamkumbuka shangazi yako Tatu alivyokuwa hakanyagi kwenye arobaini ya mtoto wa mtu. Mimba yake ilitoka ikiwa katika mwezi wake wa tano. Siku ya tatu maziwa yakaja, kanga ikalowa kifuani mbele ya wageni, na hakuna aliyemwandaa kwa hilo. Ilitakiwa sidiria ya kushikilia vizuri bila kubana sana, kitambaa cha maji baridi, panadol, na asikamue, maana kukamua huyaita zaidi. Badala yake akaulizwa nani alimtuma abebe ndoo. Mpaka leo nikikumbuka swali lile nafura.

Ndoo haitoi mimba, Hamisi. Mimba zinazotoka kabla ya wiki ya 12, kama hii yenu, karibu nusu huwa na kasoro ya kromosomu, vibeba urithi vya mtoto, ambayo mara nyingi huwapo tangu yai na mbegu vilipokutana. Bodaboda haina kesi hapo, wala tendo la ndoa. Ndoo haitoi mimba, na akisema yeyote mbele ya Zuhura, mjibu wewe, usimwachie yeye.

Nilitaka kukushauri msimwambie mtu. Ila kunyamaza ndiko kulikomla shangazi yako. Halafu tena, ukiwaambia wote umewakaribisha wote kuhukumu. Basi achague Zuhura watu wawili, hata kama mimi simo. Kazini aombe ED, ruhusa ya daktari ya kupumzika, asirudi huku anavuja damu. Wewe usimwambie "mtapata mwingine." Mwambie pole, fua mashuka, kaa naye. Na wewe ukitaka kulia, lia. Wiki zikipita hali wala halali, au akisema heri afe, mpeleke kwa daktari wa afya ya akili bila kumwacha peke yake.

Kuhusu mwezi ujao au mwakani, nina neno langu na unalijua. Nalimeza kwa shida. Muulize Zuhura, na akisema bado, usimuulize tena wiki ijayo.

Mama yako