Kuoka nyama ya ng'ombe wetu: kwa unayeanza jikoni

Mdogo wangu, karibu jikoni. Kabla hujagusa oveni, nenda buchani, maana kosa langu la kwanza lilianzia huko.

Nilifuata mapishi ya Uingereza neno kwa neno: paja la kilo 2, nyuzi 200, saa moja na nusu. Nyama ilitoka na rangi ya kupendeza, ila wageni walitafuna mpaka wakachoka, sahani zikarudi jikoni zimejaa. Mapishi yenyewe hayakuwa na kasoro. Yaliandikwa kwa ng'ombe aliyenenepeshwa, akachinjwa angali kijana, nyama ikaning'inizwa kwenye baridi wiki mbili au zaidi. Zebu wetu, yaani ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ametembea sana kutafuta malisho, na aliyechinjwa alfajiri ananunuliwa asubuhi hiyo hiyo. Mafuta ni machache, msuli umekomaa.

Mimi huomba nundu. Mafuta yake yamepenya katikati ya mnofu, yanayeyuka taratibu na kuilowesha nyama kwa ndani. Wabrazili, wafugaji wa zebu kama sisi, huiita cupim na huichoma kwa saa nyingi. Ukiikosa, chukua kidari. Mwambie mwenye bucha mapema kwamba unataka kipande kizima, kwa sababu wengi huanza kucharanga kabla hujamaliza kuagiza.

Paka chumvi usiku, gramu 10 hivi kwa kilo, uiache kwenye friji bila kufunika. Asubuhi uso umekauka, na uso mkavu ndio unaoshika rangi kwenye kikaango. Papai bichi sipendi kulitumia kwa kipande kikubwa: linalainisha nje tu, na ukilisahau usiku kucha nje panakuwa kama uji.

Ikishapata rangi pande zote, iweke kwenye trei na vitunguu na kikombe cha maji, funika na foili ibane, oveni iwe nyuzi 150. Kilo 2 huchukua saa 3 hadi 4. Lakini usiiamini saa, wala namba za kitasa cha oveni. Nunua kipimajoto cha nyama.

Hapa nisikilize vizuri. Katikati ikifika nyuzi 75, nyama imeiva na ni salama kuliwa, lakini ni ngumu na maji yameanza kuitoka. Wengi huitoa hapo wakidhani imekauka, au huongeza moto. Iache. Zile kano nyeupe zinahitaji muda zaidi ili ziyeyuke, ziwe ule utelezi unaonata midomoni unapokunywa supu ya makongoro. Ikikaribia 95, chomeka kijiti cha mshikaki. Kikizama bila kusukumwa, toa.

Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, usiifanyie hivi. Haina kano za kuyeyusha, itakauka. Hiyo itoe ikiwa nyuzi 60 hivi, itaendelea kupanda yenyewe.

Iache itulie dakika 20. Kisha igeuze mpaka uone nyuzi za nyama zimelala upande gani, ukate kwa kuzikatiza. Ukikata kwa kuzifuata, hata nundu iliyoiva vizuri itakuwa kamba mdomoni.

Maji ya chini ya trei usimwage. Engua mafuta, chuja, chemsha mpaka yawe mazito, kamulia ndimu, umimine juu ya nyama wakati wa kupakua.