Kabla ya kumwambia atulie, hesabu amerusha mara ngapi

Ndugu wahariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mchezaji wa besiboli akishavurunda mbele ya watu, afanye nini ili kichwa kitulie?" Limenichoma, maana mzigo wote mmemtwisha mchezaji. Kwenye viwanja vyetu kijana akirusha mpira, mpinzani akaupiga ukavuka uzio na kupata pointi, benchi zima lina neno la kumwambia: jikaze, kuwa mwanaume, sahau. Hakuna anayemwonyesha kusahau kunafanywaje. Nianze na hilo, kisha niende kwa kocha, maana yeye ndiye nina neno naye.

Mrushaji ashuke kwa nyuma kutoka kichuguu, kile kilima kidogo anachorushia, ampe mpigaji mgongo. Aokote kile kifuko cha unga wa kukaushia mikono. Akiwa amekishika, ruhusa kuukasirikia mrusho uliopita; akikitupa chini, hasira imeishia hapo. Macho nayo yapate pa kutua, mahali pamoja pasipohama. Ken Ravizza, mtaalamu wa saikolojia ya michezo wa kule California, alilifundisha sana jambo hili, na mchezaji Evan Longoria alipokuwa timu ya Tampa Bay alikuwa akitazama ncha ya mlingoti wa faulo, nguzo ya mpaka wa uwanja, upande wa kushoto. Halafu pumzi: aitoe polepole kuliko alivyoivuta, mpaka mabega yashuke. Mwisho ajiambie pa kuupeleka mpira unaofuata kwa maneno mawili tu, "chini, nje", ndipo apande kutazama ishara za mdakaji, mwenzake anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji.

Mpangilio huo usivurugwe. Wengi hukimbilia ishara kabla ya kupumua, na matokeo yake yanajulikana: mwendo unaharakishwa, bega la mbele linafunguka mapema, mkono unabaki nyuma, mpira unaelea usawa wa mkanda, palepale mpigaji anapopataka. Mpigaji naye akiwa na hasira hulikaba gongo, mikono ikakakamaa, gongo likachelewa kufika. Atoe mguu mmoja nje ya boksi anamosimama, alegeze vidole, apumue, arudi. Yote hayo yaishe ndani ya sekunde kumi. Ligi Kuu ya Marekani imeweka saa tangu 2023: besi, vile vituo vya wakimbiaji, zikiwa tupu mrushaji ana sekunde 15, na mpigaji awe tayari zikiwa zimebaki 8. Kwetu saa hiyo haipo, na kijana anaweza kusimama nyuma ya kichuguu akijilaumu mpaka mwamuzi amwite.

Sasa kocha. Msimamo wangu ni huu: aliyevurunda leo arudishwe kesho, tena kazi ileile. Ukimficha benchi umemthibitishia kila alichojisema usiku kucha.

Wanaonipinga hunitajia Byung-Hyun Kim, kwa hiyo tumwangalie vizuri. Ni fainali ya Ligi Kuu ya Marekani ya 2001, ya mechi hadi saba, Arizona Diamondbacks na New York Yankees, iliyocheleweshwa kwa sababu ya mashambulizi ya Septemba 11. Kim wa Arizona alikuwa Mkorea wa miaka 22, anayerusha mkono ukipita chini, kazi yake kufunga mechi, yaani kuingia mwishoni kulinda uongozi. Mechi ya nne, Oktoba 31, aliingia awamu ya nane kati ya tisa za kawaida, Arizona ikiongoza 3-1, akawatoa wapigaji watatu kwa straiki, yaani bila wao kuupiga mpira ipasavyo, wote watatu. Kocha Bob Brenly akamwacha aendelee. Awamu ya tisa, auti mbili zimeshapatikana na ya tatu ingemaliza mechi, mtu mmoja yuko kwenye besi, Tino Martinez wa Yankees akaupiga mrusho wa kwanza ukavuka uzio. 3-3. Kim akaachwa tena. Awamu ya kumi akapata auti mbili, saa sita ya usiku ikapita, Novemba ikaingia, na Derek Jeter, naye wa Yankees, akaupeleka mpira nje ya uzio upande wa kulia. Mechi imekwisha, Yankees wameshinda. Kim alikuwa amerusha zaidi ya mara 60, naye ni mrushaji wa awamu moja au mbili.

Jioni iliyofuata, uwanja uleule, Arizona ikiongoza 2-0 kuingia awamu ya tisa, Brenly alimwita nani? Kim. Yaani alifanya hasa ninachokihubiri. Jorge Posada akaanza kwa kupiga akafika besi ya pili. Kim akapata auti, kisha akamtoa Chuck Knoblauch kwa straiki. Imebaki auti moja. Scott Brosius akaupiga mpira ukavuka uzio wa kushoto, 2-2. Kim akachuchumaa kwenye kichuguu, kichwa chini, na wenzake wakamwendea, Mark Grace akiwa miongoni mwao. Yankees wakashinda awamu ya 12.

Watu wengi wanalisimulia tukio hilo kama la kijana aliyeingiwa na hofu. Mimi nikiyapanga matukio kwa mfuatano siioni hofu hiyo. Mtu aliyetishika, akianza kwa kupigwa na Posada, hapati auti mbili baada ya hapo, moja ya straiki. Kichwa kilikuwepo, nadhani mkono ndio haukuwepo. Na kanuni za Little League, ligi ya watoto, zinanitia aibu kwa niaba ya wakubwa: kwa umri wa hadi miaka 14, aliyerusha mara 51 hadi 65 anapumzika siku tatu, 66 na zaidi siku nne. Watoto wa Lugazi, Uganda, walipofika Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya ligi hiyo 2012, walicheza chini ya ulinzi huo. Kim hakupewa hata siku moja.

Mtaniambia kuhusu Randy Johnson, mrushaji mwingine wa Arizona. Kweli: alianza mechi ya sita, na kesho yake akaingia ya saba akitokea benchi, akatoa wapigaji wanne mfululizo, Arizona wakatwaa ubingwa. Uchovu basi hauelezi kila kitu, na hesabu yangu ina tundu hapo. Lakini Johnson aliingia akitoka kwenye ushindi wa 15-2, hakuwa na jeraha la jana.

Katika mechi hiyohiyo ya saba, Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees, aliokota mpira uliodokolewa, yaani uliogongwa kidogo tu kwa gongo, na Damian Miller wa Arizona, akautupa ovyo hadi uwanja wa kati. Mpigaji aliyefuata, Jay Bell, naye akaudokoa. Rivera akauokota safi akatupa besi ya tatu: auti. Hivyo ndivyo kosa linavyoachwa nyuma. Na bado alipoteza mechi, kwa mpira mwepesi wa Luis Gonzalez wa Arizona uliopita juu ya Jeter.

Kwa hiyo jibu langu nalirekebisha. Aliyeangusha mpira au aliyetolewa kwa straiki arudi mara moja, awamu inayofuata kabisa. Mkono wake haujaumia. Mrushaji naye arudi, sijaacha msimamo huo, ila arudi mkono ukiwa umepumzika, na mara ya kwanza iwe awamu ambayo timu inaongoza kwa pointi nne au tano. Kim mwenyewe 2002 alifunga mechi 36 na akachaguliwa kwenye mechi ya nyota, kwa hiyo wanaosema zile siku mbili zilimvunja wana kazi ya kueleza msimu huo. Kama ingekuwa fainali na sina mrushaji mwingine wa kumwamini, labda nami ningemwita. Kwa mtoto wa miaka 12, hapana, hata kombe likiondoka.

Hilo linataka daftari kwenye benchi, na benchi nyingi hazinalo. Mstari mmoja kwa kila mrushaji, kijistari kwa kila mrusho, awamu ikiisha jumla iandikwe pembeni na kocha aonyeshwe kabla hajaamua nani apande kichuguu.