Kisu cha Dameski: uliza makali kabla hujalipia mawimbi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: hivi visu vya Dameski, vile vya matabaka ya vyuma yaliyofuliwa pamoja, vinavyouzwa mtandaoni ni vya kweli au changa la macho, na je, yale mawimbi ubapani yanaongeza ukali? La pili nakujibu papo hapo: hayaongezi. La kwanza lina kona nyingi, na mimi nimelijua kwa kuumia mfukoni.

Kisu changu cha kwanza kilikuwa kinang'aa balaa. Nilipokinoa mara ya tatu nikaona juu ya makali pamebaki peupe. Nikasugua kidogo kwa msasa laini, nakshi ikatoka. Hapo usihukumu bado, maana hata Dameski halisi ikipigwa msasa inapoteza mawimbi. Tofauti ni kwamba halisi ukiichovya kwenye kloridi ya feri (dawa kali ya kula chuma), mawimbi yanarudi yenyewe, kwa sababu yamo ndani ya chuma. Changu nilikichovya, kikatoka cheusi kote kama sufuria iliyoungua. Chuma kimoja tu, kilichochorwa juu. Siku hizi sihangaiki na asidi. Natazama mgongo wa kisu. Kama mistari inaonekana mpaka mgongoni, matabaka yapo. Ikiishia ubapani na mgongo uko mtupu, weka kisu chini.

Cha pili kilikuwa na matabaka kweli, na ndicho kilichonikera zaidi. Makali yalikuwa yanalala. Unanoa asubuhi, jioni ukipitisha kucha unasikia yamepindia upande mmoja. Nikajaribu tupa: ikakila kama inavyokula msumari. Kisu kilichokazwa sawasawa, yaani kupashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, tupa inateleza juu yake. Aliyekifua alijua kuunganisha vyuma, ila alikimbia kazi ya moto wa mwisho, au alitumia chuma chenye kaboni kidogo ambacho hakikazi hata ukifanyeje.

Hasira zile ndizo zilinipeleka kwenye fuawe. Vyuma vinavyotumika sana ni viwili, kwa majina ya kiwandani 1095 na 15N20. Cha pili kina nikeli kama asilimia 2, kwa hiyo asidi haikili sana na kinabaki cheupe huku mwenzake akiwa mweusi. Nakshi yote ni hiyo tu. Unapanga vipande 7, unanyunyiza boraksi (unga mweupe kama chumvi) ili takataka zisikae katikati, unapasha mpaka manjano kabisa, unagonga. Ukikunja mara 5 unapata matabaka 224. Bonge langu la kwanza lilionekana zima mpaka nilipolikata: katikati kulikuwa na ufa mweusi mwembamba kama unywele. Niligonga kwa nguvu mno mapema, wakati inatakiwa uanze kwa kugusagusa. Bonge zima likawa chuma chakavu.

Halafu kuna jambo linalochanganya wengi. Dameski ya zamani, ile ya mapanga, haikukunjwa namna hii. Ilitoka kwenye madonge ya chuma yaliyoyeyushwa ndani ya vyungu kusini mwa India na Sri Lanka, yenye kaboni kama asilimia 1.5, na mawimbi yalijitokeza yenyewe wakati wa kufua. (Mwanajiografia Al-Idrisi, mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha Sofala, Msumbiji ya leo, kilipelekwa India. Kwa hiyo pwani yetu imo kwenye hadithi hii.) Ufundi huo ulififia kufikia karne ya 19. Mtaalamu wa metali John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray ndio walioonyesha kwamba siri ilikuwa chembe kidogo mno za vanadi, aina ya metali, ndani ya madini: madini yakibadilika, nakshi inapotea hata fundi awe yuleyule. Hii ya kukunja tunayoiona leo iliamshwa upya na Mmarekani Bill Moran, alipoonyesha visu vyake mwaka 1973.

Kuhusu mahali, usinunue jina la mji. Wazirabad, Pakistan, kunatoka Dameski nyingi ya bei poa, na wapo wahunzi wa kweli kule, ila kisu chema na kibovu vinasafiri kwenye boksi moja. Sakai, Japani, kazi imegawanywa: mmoja anafua, mwingine ananoa, wa tatu anatia mpini, na kila mmoja anakesha na kazi yake hiyohiyo miaka na miaka. Ndiyo maana naviamini zaidi. Lakini hata visu vya Kijapani vinavyotangazwa kuwa na matabaka 67, hesabu vizuri: 33 kila upande, na kiini kimoja katikati. Kinachokata ni kile kiini, mara nyingi VG-10, chuma cha Kijapani kisichoshika kutu kirahisi. Matabaka mengine ni koti.

Kwa hiyo muuzaji mwandikie maswali matatu: makali ni chuma gani, kimekazwa mpaka ngapi kwa Rockwell (kipimo cha ugumu wa chuma), na naomba picha ya mgongo. Kwa kisu cha jikoni nataka kusikia 58 hadi 62. Akikujibu "matabaka 300, kazi ya mikono, zawadi nzuri kwa baba", mimi huwa nafunga ukurasa.