Mume wangu anautaka ukurugenzi, sisi tunamtaka yeye

*Shangazi, tunaishi Njiro, Arusha. Mume wangu ni meneja kwenye kampuni ya utalii. Tangu apandishwe cheo hajachukua likizo. Hata Desemba nilikwenda Rombo na watoto bila yeye, mama mkwe akaniuliza maswali nisiyo na majibu. Juzi mwanetu wa miaka 5 aliificha simu ya baba yake kwenye ndoo ya mchele, akachapwa. Sasa mume anautaka ukurugenzi, anasema akiupata tutapumzika. Nirudi kwa wazazi wangu ili ashtuke? Mama Wawili*

Pole, mwanangu. Hilo la ndoo ya mchele limenikaa rohoni. Mtoto huyo si mtukutu. Ameona kinachomchukua baba yake, akakifukia mahali ambapo mtu mzima hapekui haraka. Baba aliiona simu tu, hakujiuliza kwa nini imefichwa. Mweleze hivyo watoto wakishalala, na usiku huo usichanganye na madai mengine.

Akisema anahangaika kwa ajili yenu, usimbishie. Ada hailipwi kwa maneno. Ila hiyo ahadi ya kupumzika siiamini hata kidogo. Muulize: gari likikwama Serengeti usiku, mkurugenzi wa sasa hapigiwi simu? Cheo kikipanda, usumbufu nao hupanda, na yeye analijua hilo kuliko sisi.

Kwa hiyo usimdai "muda". Mdai likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 kwa mwaka. Ni haki yake, wala si fadhila ya bosi. Juni hadi Oktoba usihangaike naye, wageni wamejaa. Lakini Aprili na Mei, masika yakikolea, magari yamepaki na kambi kadhaa zimefungwa. Hapo hana kisingizio. Aombe mapema, kwa maandishi, aende Rombo akakae na mama yake wakati mama bado ana nguvu za kumpokea.

Kwa wazazi usiende kwa ajili ya kumshtua. Atakuja na wazee, atakuomba, utarudi, na mara ya pili hatashtuka tena. Siku ukiondoka, iwe umeamua kweli, na yeye awe ameshasikia sababu kutoka kinywani mwako. Barua yako haionyeshi kuwa umefika huko. Akiikataa hata likizo ya Aprili, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa mkae wanne, naye aeleze mbele yao anakataa kwa nini.